Yatima wa Viena

Olaedo alikuwa akifungwa shanga za marijani kichwani aliposikia, kupitia ukutani, kwamba mama mkwe wake amefariki.

Habari ilitolewa kwa kipaza sauti na mwanamke mwenye sauti ya asali, huku fidla ikilia nyuma yake. "Akiwa na miaka sita tu," ilisema sauti, "Ugonna alimpoteza mama yake mpenzi. Tangu siku hiyo moyo wake ukawa nyika isiyojua mvua, hadi jioni ile alipofika Viena." Ukumbini wageni mia sita wakaguna kwa huruma. Marehemu mwenyewe alikuwa ameketi meza ya kumi na saba, jirani na mlango wa jikoni, mzima wa afya, paja la kuku mkononi.

"Mungu wangu," akasema mfunga shanga, pini zikiwa mdomoni. "Kumbe mumeo ni yatima? Pole, dada."

Sentensi ile Olaedo aliijua. Siku nne kabla alikuwa ameisoma kwenye simu yake, na chini yake alikuwa ameandika neno moja: Sawa.

Ukweli wa mapenzi yao ni mfupi na unanukia mawese. Olaedo alikuwa mfamasia katika duka la dawa pale Enugu, karibu na njia panda ambapo Mama Ugonna hukaa kila asubuhi na beseni lake la okpa, ule mkate laini wa njugu mawe unaochemshwa kwenye majani ya mgomba na kuliwa ungali moto. Siku moja Olaedo, aliyechelewa kazini, alilifungua jani huku akitembea, okpa ikamdondokea kwenye koti jeupe. Akarudi amefura kama andazi.

"Okpa yako haijashikana!"

"Okpa yangu imeshikana, daktari," akasema Mama Ugonna bila kuinua macho kutoka kwenye beseni. "Ni wewe na subira ndio hamjashikana."

Mwanaume aliyekalia ndoo nyuma yake, tope hadi magotini, akacheka mpaka akapaliwa. Huyo ndiye Ugonna. Alikuwa mchimba visima na fundi wa pampu, katika mji ambao bomba likitoa maji watu hupigiana simu kupashana habari. Olaedo alimtukana na yeye, bila ubaguzi. Kesho yake akarudi kununua okpa. Na kesho kutwa. Kwa miezi mitano alikula okpa kila asubuhi, hata siku ambazo tumbo lilimkatalia, mpaka zipu za sketi zake zikaanza kutoa siri. Wenzake dukani wakanong'ona kwamba ana mimba. Mimba hakuwa nayo. Alikuwa na mapenzi, na yote mawili hunenepesha.

Hadithi nzuri, kwa mtu mwenye akili timamu. Lakini mama yake Olaedo wakati huo hakuwa na akili timamu, alikuwa na binti anayeolewa.

Mama huyu aliitwa Lolo Nkoli. Lolo ni jina la heshima la wake wa wenye nishani, na yeye alilivaa hata bafuni. Kwa desturi, tembo la kumtoa binti hunywewa nyumbani kwa baba yake, kijijini. Lolo alisema kijijini kuna vumbi, na vumbi halipendezi pichani. Akakodi ukumbi wenye ubaridi wa kutetemesha meno, akaagiza maua yaliyopanda ndege, akachapisha kadi zenye nakshi za dhahabu, akaweka mabaunsa wawili getini wenye shingo za mafahali. Bila kadi, hata ungekuwa malaika mwenye habari njema, ungeitangazia barabarani. Hata kibuyu cha tembo, kile cha kale cha baba yake Olaedo, alikipaka rangi ya dhahabu.

Halafu akamwita Tonye. Tonye alitoka Lagos na simu tatu. Alikuwa na ukurasa wa mtandaoni wa harusi za kifahari, na ilijulikana kote kwamba harusi isiyotokea kwenye ukurasa wa Tonye ilikuwa tu watu wamekula wali. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika hadithi za mapenzi za maharusi. Alikaa sebuleni kwa Lolo, akasikiliza habari ya okpa na koti mpaka mwisho, akaweka kikombe chini taratibu.

"Nzuri sana," akasema. "Na mlikutana wapi?"

"Ndiyo hapo," akasema Olaedo. "Kwenye okpa."

"Hapana, mpenzi. Hapo mlikutana wenyewe. Nauliza mlikutana wapi kwa ajili ya watu."

Basi wakakutana Viena. Kulikuwa na onyesho la muziki, kulikuwa na mvua, kulikuwa na mwavuli mmoja. Ugonna, ambaye hakuwa na hata pasi ya kusafiria, akageuka mtaalamu wa rasilimali za maji. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Huyu wetu alisukumwa na mkwewe.

Ugonna aliposikia alicheka. "Viena? Niliwachimbia kisima, au nilitengeneza pampu tu?" Kisha akamshika Olaedo mkono, na kicheko kikamwisha. "Sikiliza, Ola. Mimi watanivisha wanachotaka, wanipeleke hata mwezini. Lakini mama yangu asiguswe. Mama alinisomesha kwa beseni lile. Niahidi."

Olaedo akaahidi. Aliahidi kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Maana Tonye alifika aya ya pili akakwama. Msomaji yeyote angeuliza: mama wa huyu mtu wa Viena anafanya nini? Kumtaja na beseni haikuwezekana. Kumpa kazi nyingine kungeleta maswali ya jirani. Tonye alikuwa mtu wa kazi. Akamuua kwa sentensi moja, tena akapata faida, kwa sababu wasomaji wanapenda sana yatima.

Olaedo alimpigia mama yake simu palepale. "Mama, wameandika mama yake Ugonna amekufa."

"Ati nini? Na meza nimeshapanga!"

"Kwenye hadithi, mama. Aya ya pili."

"Ah! Umenishtua bure." Lolo akashusha pumzi. "Olaedo, mwanangu, mimi nimechoka. Maua yamekuja ya rangi ya maziwa na niliagiza ya theluji. Wewe unaniletea msiba wa kwenye simu! Msiba wa kwenye simu unamuuma nani? Mama yule simu yake ni ya vitufe. Nani atamsomea?"

"Mama, mtoe hapo. Nilimwahidi Ugonna."

"Tonye anataka jibu saa hii. Ukitaka kuibomoa hadithi yote, ibomoe, halafu uwaambie watu ulimpata mumeo kwenye beseni. Mimi nitasema nini mbele ya mke wa kamishna?"

Fundi wa nguo alikuwa anamsubiri Olaedo, futi ya kupimia shingoni. Magauni yalikuwa manne na moja halikufunga. Angeweza kusema hapana, neno lenyewe si refu. Akaandika Sawa, akaenda kupimwa. Huo ulikuwa uoga, na tuuite kwa jina lake. Alijifariji kwamba hadithi itakaa mtandaoni kwa watu wasiowajua. Hakuna aliyemwambia kwamba Lolo ameamua isomwe ukumbini, na spika zifike hadi getini.

Sasa shanga zilikuwa zimekwisha fungwa na mlango ukafunguliwa. Baba yake alikuwa amesimama nje na kibuyu. Alikuwa mzee mpole, mwenye kofia nyekundu na kipepeo cha ngozi cha kujipepea, na maoni yake kuhusu harusi ile hayakuwa yameulizwa tangu mwanzo. Alijaza tembo mpaka ukingoni, akamkabidhi binti yake mbele ya watu.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza. "Watu wamekuja wanasema humu ndani yumo mwanaume unayemtaka. Mimi simjui. Ukimwona, mpe anywe, nami nitajua. Usipomwona, nirudishie kibuyu changu mwenyewe, na hawa wote watakula waende kwao."

Watu wakashangilia. Ni mchezo, kila mtu anaujua. Bwana harusi hujificha katikati ya wanaume, binti huzunguka na kibuyu, wanaume humchokoza njia nzima. Lakini ni mchezo wenye meno: kibuyu kikirudi kwa baba, ndoa hakuna, hata maua yangekuwa ya theluji.

Olaedo akaingia katikati ya meza. Ngoma zikapiga.

"Mrembo, mimi hapa! Nimekusubiri tangu Viena!"

"Niletee mimi, nina mwavuli!"

"Achana na hao, dada! Mimi pia ni yatima!" akapaza sauti bwana mmoja mnene, na meza yake yote ikaanguka kicheko.

Olaedo alitabasamu kama alivyofundishwa na hakumwona yeyote kati yao. Alikuwa anatafuta meza ya kumi na saba. Alipofika, akakuta kiti kitupu. Kitambaa cha kufutia mikono kilikuwa kimekunjwa pembe nne, vizuri, kama kinavyokunjwa na mtu aliyezoea kukunja majani ya mgomba. Paja la kuku halikuwepo.

Akageukia meza ya marafiki wa bwana harusi. Wanaume tisa, kofia nyekundu tisa, na kiti cha katikati kitupu. Dozie, rafiki mkubwa wa Ugonna, akamwinamia sikioni akijifanya anamchokoza.

"Wametoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, 'Loo, kumbe nilikufa,' akafunga nyama yake kwenye karatasi, akanyanyuka. Ugonna amemfuata. Ola, sijawahi kumwona na uso ule."

Kabla hajajibu, mkono wenye bangili nyingi ukamshika kiwiko. Lolo alikuwa anatabasamu kwa ajili ya kamera na kuongea kwa ajili ya binti yake.

"Zunguka tena. Mpiga picha anasema mwanga hapa ni mzuri."

"Mama, umemuua mama mkwe wangu mbele ya watu mia sita."

"Hukuwasikia walivyoguna? Hata mke wa kamishna amefuta machozi."

"Mwenyewe alikuwepo!"

"Si nilimweka mbali na spika?" akasema Lolo, na kwa kweli alionekana ameonewa. "Sasa nisikilize. Watu wameanza kutazamana. Mpe huyu Dozie. Wamevaa sare moja, kofia moja, atapigwa picha kwa nyuma. Mumeo tutamtafuta baadaye."

Dozie akarudi nyuma hatua mbili, akakanyaga ngoma.

Olaedo alimtazama mama yake, na jambo la kutisha ni kwamba, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, aliona inawezekana. Picha ingetoka vizuri. Watu wangepiga makofi, chakula kingeletwa. Neno lile lile lilikuwa tayari ulimini: sawa. Aliona aibu namna ambavyo hajawahi kuona tangu azaliwe.

"Mimi ndiye niliyesema sawa, mama," akasema. "Wewe na Tonye mliandika tu."

Akaushika ubavu wa gauni kwa mkono mmoja na kibuyu kwa mwingine, akaelekea mlangoni. Ngoma hazikujua zifanye nini, zikamfuata. Wapiga picha wakafuata ngoma. Tonye akafuata na simu zote tatu, na nyuma yake wageni, maana mtu hawezi kubaki amekaa wakati harusi inatoka nje. Rangi ya dhahabu ya kibuyu ilikuwa imeanza kumvuja vidoleni kwa jasho.

Getini kulikuwa na zogo. Mama Ugonna alikuwa nje, anamsukuma mwanawe mgongoni kwa mikono miwili ili arudi ndani. Ugonna alikuwa amekaza miguu hataki. Na baunsa alikuwa amesimama katikati ya geti kuhakikisha kwamba hata akitaka hataweza.

"Rudi ukaoe, wewe!" Mama Ugonna alifoka. "Unaniaibisha!"

"Sirudi mahali ulipozikwa."

"Hata hivyo harudi," akasema baunsa. "Kadi."

"Kadi mlizichana wenyewe tulipoingia," akasema Mama Ugonna. "Huyu ndiye bwana harusi!"

"Leo huyu ni wa tatu, mama. Kila mwenye njaa hapa nje ni bwana harusi. Na wewe ni nani yake?"

"Mama yake mzazi."

Baunsa akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayejua kazi yake. "Hapo mmekosea. Bwana harusi wetu ni yatima. Tumesikia sote kwenye spika."

Ndipo alipogeuka akamwona Olaedo, shanga, gauni, kibuyu na jeshi zima nyuma yake. "Bibi harusi," akasema kwa unyenyekevu, "ukivuka hapa kurudi ni kwa kadi."

Olaedo akavuka. Alipiga magoti kwenye changarawe mbele ya Ugonna, zikamchoma kupitia gauni la tatu kati ya manne. Akaonja tembo kidogo kama inavyotakiwa, kisha akanyoosha kibuyu. Ugonna akashusha mabega, na mkono wake ukaanza kuinuka.

Olaedo angenyamaza, mambo yangekwisha hapo. Hakunyamaza.

"Niliisoma kabla," akasema. "Siku nne zilizopita. Waliniuliza, nikasema sawa."

Mkono wa Ugonna ukaishia hewani. "Mimi nilidhani ni mama yako."

"Ni mimi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na uliniahidi, Ola."

"Nilikuahidi."

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Ugonna alimtazama, macho yamemwiva. "Basi mimi sina la kusema," akasema. "Muulize marehemu."

Lolo alifika akihema, kilemba kimeenda upande. "Inukeni! Inuka, Olaedo, hizo ni changarawe! Na hapa jua limekaa vibaya, watu watatoka weusi wa jivu. Tutarudia ndani!"

Hakuna aliyemsikiliza. Wote walikuwa wanamtazama Mama Ugonna. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono imebabuka kwa mvuke wa miaka mingi, na kuku wake wa kwenye karatasi bado yuko kwapani. Alimtazama mkwewe aliyepiga magoti, bila haraka, kama anavyomtazama mtu aliyerudisha okpa akidai haijaiva.

"Mimi nimekufa zamani," akasema, "kwa hiyo sijui mambo ya siku hizi. Lakini ninavyokumbuka nilipokuwa hai, tembo likifunguliwa mbele za watu, hunywa nani kwanza?"

Kisha baba yake Olaedo, aliyekuwa amefuata polepole na kipepeo chake, akajibu kutoka nyuma. "Waliotangulia. Hata watoto wanajua. Tone la kwanza ni lao."

"Ahsante, mwenye nyumba. Nikadhani na hilo limehamia Viena."

Akanyoosha mkono. Olaedo akampa kibuyu kwa mikono miwili. Kwa kawaida wafu humwagiwa tone ardhini na wanaridhika. Mama Ugonna hakumwaga. Alikunywa, na hakunywa tone. Alikunywa kama mtu aliyetoka safari ya miaka thelathini, koo likipanda na kushuka, mbele ya mke wa kamishna na simu tatu za Tonye, mpaka likabaki kidogo chini. Akajifuta kwa kiganja. Dhahabu ya Lolo ilikuwa imemshika midomoni.

"Umeharibu mwenyewe, umekuja kusema mwenyewe," akamwambia Olaedo. "Jumatatu alfajiri nakutaka njia panda. Utachekecha unga wa njugu mpaka wewe na subira mshikane." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe kunywa. Usiniachie mtoto wa watu kwenye mawe."

Ugonna akapokea kibuyu. Alichelewa kidogo, na Olaedo akajua kwamba ule ucheleweshaji ataukuta tena nyumbani siku nyingine, na kwamba ni haki yake kuukuta. Kisha akanywa mpaka tone la mwisho, akampa mkono, akamwinua. Ngoma zikalipuka. Dozie akaanza kucheza, na bwana yule mnene wa meza ya uyatima akamwomba Mama Ugonna radhi akaambiwa asogee, anamkanyaga.

"Vizuri, vizuri!" Lolo akapiga makofi. "Sasa twende ndani turudie, safari hii kwenye maua." Akawatangulia wote kuelekea getini.

Baunsa akanyoosha mkono. "Kadi, mama."

"Kadi gani? Mimi ndiye mama wa bibi harusi!"

"Mama wa kwanza naye alisema hivyo hivyo," akasema baunsa, na akageuka kwa Olaedo, maana alikuwa mtu mwenye kufuata taratibu. "Dada, samahani. Huyu ni mama yako? Unaye?"

Simu tatu za Tonye zikaelekea kwa Olaedo. Alimtazama mama yake, kilemba upande, mdomo wazi. Alikaa kimya kwa muda uliozidi kidogo ule uliohitajika, mpaka Lolo Nkoli, kwa mara ya kwanza tangu maandalizi yaanze, akakosa la kusema, na mkono wake wenye bangili ukashika nguzo ya geti.

"Ninaye," akasema Olaedo. "Yu hai."